Anti, miaka kumi nasomea gundi ya seli, sasa sijui nirudi nyumbani au nibaki

Anti shikamoo.

Kwanza naomba jina langu usiliweke maana huku Ujerumani Wabongo tunajuana, na kwenye fani yangu ndo usiseme, ukitaja mji tu mtu ashajua ni nani. Mi ni dada wa miaka 37, kwetu Moshi vijijini, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka 6 naishi naye huku, baba yake yuko Dar anafundisha sekondari, tunaonana mara moja kwa mwaka nauli ikiruhusu.

Kazi yangu ni utafiti wa kansa. Watu wakisikia hivyo wanafikiri natengeneza dawa, hapana, mi nasomea jinsi seli zinavyoshikana. Ukichukua utumbo au ngozi, seli zimepangwa kama vigae vya sakafuni, na kati ya kigae na kigae kuna protini zimeshikana mikono, kubwa yao inaitwa E-kadherini. Nilivyofundishwa, na vitabu vyote nilivyosoma vilisema hivyo, ni kwamba seli ya kansa ikiipoteza hiyo gundi inachomoka, inaingia kwenye damu, inaenda kuota kwenye mapafu au ini. Na wagonjwa wengi wa kansa kinachowamaliza ni huko kusambaa, sio ule uvimbe wa kwanza. Sasa mi nikiwa fomu faivu baba yangu alikufa kwa kansa ya koo la chakula. Alianza kwa kusukumia ugali na maji, ikaja nyama haipiti, mwisho hata mtori haupiti. Kwa hiyo nilivyosikia kuna watu wanasomea kwa nini seli zinaachiana nikasema basi, hiki ndo changu.

Nikaja huku 2015 kwa PhD. Projekti yenyewe ilikuwa nyepesi kuelezea: chukua seli za kansa ya titi ya panya, ondoa jeni ya E-kadherini, angalia zinafanya nini. Kwenye sahani zilifanya kama kitabu kilivyosema, zikaachana, moja huku moja kule, zikaingia kwenye jeli kama siafu. Bosi akafurahi sana. Tukaziweka kwenye panya tukisubiri mapafu yajae vinundu. Anti, mapafu yalikuwa karibu meupe! Wale panya ambao seli zao zilikuwa na gundi yake kamili ndo walikuwa na vinundu vingi. Nikahesabu tena, nikafanya upya na panya wengine, nikafanya mara ya tatu, yaleyale. Bosi akasema nimekosea, sijui panya wangu, sijui mkono wangu, rudia. Nikanyamaza nikarudia, ikapita kama miaka miwili hivi.

Septemba 2019 asubuhi rafiki yangu akanitumia linki. Kundi moja la Baltimore limetoa pepa kwenye Nature, kwamba kansa ya titi inaihitaji E-kadherini ili isambae, bila hiyo seli zinatoka kweli ila zinakufa njiani. Yaani ni data yangu, wao wameifanya kwa uzuri zaidi na kwenye panya wa aina kadhaa. Nilikaa chooni nikalia mpaka mtu wa usafi akagonga mlango. Na mchana bosi akaja kwenye meza yangu, yuleyule aliyesema nimekosea, akaniambia sasa hii sio mpya tena, tutafute kitu kingine. PhD nilimaliza 2020 na kipepa kidogo kwenye jarida dogo.

Toka 2021 ni postidoki, yaani mtafiti wa mkataba baada ya PhD, kwenye labu nyingine, hapa nashika integrini, zile zinazoishika seli na sakafu ya chini yake badala ya jirani yake. Bosi huyu ni mtu mzuri. Ila mambo yanakwenda taratibu, na juzi kwenye korido jamaa mmoja akanitania kwamba fani yetu ni makaburi ya dawa, alimaanisha ile dawa ya integrini iliyojaribiwa kwenye kansa ya ubongo ikadunda. Nilicheka naye lakini usiku sikulala.

Sasa mkataba wangu unaisha Desemba. Bosi anasema anaweza kunipa mwaka mmoja zaidi, na baada ya hapo ni ile sheria yao ya miaka 6 baada ya PhD, ikiisha huajiriwi tena kwa mikataba ya hivi. Na chuo kimoja nyumbani kimenipa nafasi ya uhadhiri. Mwezi wa saba nilienda kuona. Chumba cha kuoteshea seli kipo, inkubeta, lile kabati la joto la kulelea seli, ipo, imefunikwa kitambaa cha meza cha maua kama redio ya bibi, mtungi wa gesi hakuna anayekumbuka ulijazwa lini. Kozi za kufundisha ni nne. Mume anasema rudi. Mtoto anaongea Kijerumani, Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Na mama yangu kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia WhatsApp, swali ni lilelile, mwanangu ile dawa imefika wapi, maana kwenye jumuiya ashawatangazia kwamba binti yake anatafuta dawa ya kansa. Sina cha kumjibu.

Nimepoteza miaka kumi, Anti? Nikirudi seli zangu si ndo zimekufa? Nikibaki nabakia nini? Wenzangu wengi wameshakimbilia makampuni. Natakiwa kutoa jibu mwisho wa mwezi ujao.

Ni mimi,
Gundi Imeisha, Ujerumani

—

Marahaba mwanangu Gundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa jikoni, ya pili nimekaa chini, maana wengi mnaoniandikia hapa ni mume kahama chumba na mikopo ya kausha damu. Hii yako imenigusa kwingine. Wengi hamjui kwamba kabla sijawa anti wa watu nilikuwa fundi sanifu wa maabara, miaka 22 nimeshika paipeti kwenye labu za watu nchi za watu, na sehemu kubwa ya hiyo miaka ilikuwa kulisha seli za kansa asubuhi na jioni kama kuku. Kwa hiyo leo nitaongea sana, vumilia.

Tuanze na wale panya, maana naona ndo kidonda chenyewe, hiyo ya kurudi na kubaki imekuja juu yake tu. Bosi kukwambia urudie haikuwa dhuluma. Seli zina mambo. Kuna zile zinaitwa MDA-MB-435, watu waliandika mapepa kwa miaka kwamba ni kansa ya titi na ya titi inayosambaa haswa, kumbe ni melanoma, kansa ya ngozi, labu nzima nzima zimejengwa juu ya chupa yenye lebo ya uongo. Kwa hiyo rudia, sawa, mara ya pili sawa, ya tatu sawa. Kosa lilianza baada ya ya tatu, na hapo nitakugombeza kidogo na wewe. Katika hiyo miaka miwili ulimwonyesha nani mwingine? PhD za huko mara nyingi zina kamati, kuna profesa wa pili, kuna mikutano mtu anabandika bango lake ukutani wenzake wanapita wanauliza. Umeandika umenyamaza ukarudia, na mimi nakujua bila kukuona, umelelewa mkubwa akisema umekosea unainamisha kichwa. Nyumbani hiyo ni adabu. Kwenye maabara panya wamesema mara tatu, na ukinyamaza umewanyamazisha na wao.

Ila sikiliza, hao wa Baltimore hawakukuibia, hata walikuwa hawakujui. Wamekupa kitu ambacho bosi wako aligoma kukupa, uthibitisho. Watu msiojuana, bahari katikati, mmepata jibu moja, kwenye sayansi ushahidi mzuri kama huo hakuna. Na jibu lenyewe lilikuwa gumu kumeza kwa sababu kitabu kilikuwa na nusu yake. Seli ikiachia wenzake inatoka haraka, kweli, lakini safari ya kwenye damu ni ngumu, inachakaa, inakufa. Inayofika na kuota ni ile iliyobaki imeshikana na wenzake kidogo. Na bado haijaisha, maana kuna kansa ya titi ya lobula ambayo mara nyingi hiyo gundi haina, ukiiangalia kwenye hadubini seli zimejipanga mstari mmoja mmoja kama wanafunzi wa paredi, na inasambaa vizuri tu. Kwa hiyo swali la maana saa hizi ni kansa ipi inaihitaji gundi na ipi haiihitaji, na wewe ni mmoja wa watu wachache wanaoongea Kiswahili waliokaa na hilo swali kwa miaka. Shika hapo, nitarudi.

Hizo data zako za panya ziandike. Usinijibu kwamba sio mpya. Waombe wote mliofanya nao, kwa imeili na sio kwa mdomo, ridhaa ya kuzipandisha bioRxiv, ile tovuti ya kuweka pepa kabla hazijapita kwenye jarida, hakuna anayekaa pale kupima kama ni mpya kiasi gani. Bosi wa zamani akigoma una imeili yake umeitunza, akikubali una kazi yenye jina lako na tarehe. Kabla ya hapo hakikisha hizo seli zimepimwa utambulisho, ushaona za MDA zilivyowaumbua watu.

Sasa nikwambie kisa kimoja cha hiyohiyo kadherini, sijui kama mlifundishwa maana vitabu vinaweka jina na mwaka vinapita. Kuna Mjapani anaitwa Masatoshi Takeichi, alikuwa Kyoto anatenganisha seli kwa tripsini, kimeng'enya kinachotafuna protini, halafu anaziangalia zinavyorudiana. Miaka ya sabini akaenda Baltimore, naam, Baltimore hiyohiyo, taasisi ya Carnegie, akafanya jaribio lake lilelile la nyumbani na seli zikagoma kushikana. Fikiria mgeni, na jaribio lililokuwa linakubali Kyoto huku halikubali. Wewe ungelia chooni, mi ningelia naye. Yeye akaanza kulinganisha chupa kwa chupa, akakuta tripsini ya Baltimore imechanganywa na EDTA, ile inayonyonya kalsiamu, ya Kyoto haina. Kumbe kukiwa na kalsiamu tripsini haiimalizi ile gundi, kalsiamu ikiondoka gundi inatafunwa yote. Pepa ikatoka 1977, na miaka ya themanini kitu kikapata jina, kadherini, kwa sababu inashikana kwa kalsiamu. Yaani yote imetokana na mtu kuhama labu na kitu kugoma, na yeye hakuamua kwamba mkono wake ndo mbovu.

Wa pili ni wa kwetu kidogo. Richard Hynes. Huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1944, wazazi Waingereza, akakulia Uingereza, PhD akachukua MIT kule Marekani. 1973 akiwa London kwenye taasisi ya kansa akabandika iodini kwenye protini za juu ya seli, akaona protini moja kubwa sana ipo kwa seli za kawaida na kwa seli za kansa haipo. Haipo kabisa! Hiyo ndo fibronektini. We fikiria shangwe, umekuta kitu ambacho kansa imekipoteza, si unakirudisha tu mambo yanaisha? Watu wakairudisha. Seli zikatulia, zikalala chini zikajinyoosha zikashika sakafu vizuri kama seli za heshima, halafu zikaendelea kugawanyika vilevile. Kansa haikutibika. Angeweza kufunga daftari pale. Akaendelea kuuliza, sasa hii fibronektini seli inaishika na mkono gani, mpaka 1986 labu yake ndo ikatoa hilo jina unalolilia wewe leo, integrini. Zawadi ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba kule Marekani, yeye pamoja na Erkki Ruoslahti wa Finland na Timothy Springer, wameipata 2022. Hesabu toka 1973.

Na huyo jamaa wa korido na makaburi yake, nusu yuko sahihi, tusimwonee. Silengitaidi, ndo hiyo dawa ya integrini, kwenye kansa ya ubongo ilianguka kweli, wagonjwa 545, majibu yakachapishwa 2014, waliopewa dawa na wasiopewa waliishi muda uleule, kama miezi 26. Inauma, watu walitumaini. Ila mwulize kama anajua dawa za kuzuia damu kuganda wanazopewa wagonjwa wa moyo hospitali, eptifibataidi na tirofibani, zinabana nini? Integrini ya chembe sahani za damu. Vedolizumabu ya wenye vidonda vya utumbo mkubwa? Integrini. Natalizumabu ya wenye ugonjwa wa neva ule wa MS? Integrini. Kuna hadi matone ya macho makavu. Watu waliingia kwa mlango wa kansa wakatokea kwenye moyo na tumbo. Kwenye kansa yenyewe bado, na huo ndo ukweli, usimpambie mtu.

Na ukitaka kansa kabisa, ambapo gundi yako wewe, E-kadherini, imeokoa watu wenye majina na wajukuu, nenda New Zealand. Kulikuwa na ukoo wa Kimaori wanakufa kwa kansa ya tumbo kizazi baada ya kizazi, wengine vijana kabisa. Waliotafuta jibu kwanza ni ukoo wenyewe, wakawaendea wanasayansi, wakafanya kazi pamoja, wakachora mti wa familia, nani kafa lini na kwa nini. 1998 pepa ikatoka Nature, kundi la Parry Guilford wa Otago, kwamba jeni ya E-kadherini imeharibika na inarithiwa. Leo mtu wa ukoo huo anapimwa damu, akikutwa nayo anaamua kama atolewe tumbo lote kabla kansa haijaanza. Sio dawa tamu, mtu anaishi bila tumbo, anakula kidogokidogo. Lakini anaishi. Hebu ona hapo, kilichofungua mlango kilikuwa ukoo, na ule mti wa familia waliouchora. Inkubeta ilikuja baadaye.

Ndo nimefika kwenye swali lako la kurudi, nimezunguka ila nimefika.

Ile inkubeta ya kitambaa cha maua iache na kitambaa chake. Nimekaa na inkubeta miaka 22 najua inachotaka, nyuzi 37 bila kuyumba, hewa ukaa asilimia 5, umeme usiokatika usiku, mtungi wa akiba, seramu ya ndama iliyogandishwa ambayo ikikwama uwanja wa ndege siku tatu unapokea supu. Chuo chenye kozi nne za kufundisha na fundi mmoja hakitakupa hayo mwaka wa kwanza wala wa tatu, na ukirudi kwa ajili ya kuotesha seli utakuwa umerudi kugombana na jenereta. Nimewaona wengi wamerudi hivyo, baada ya miaka miwili wamekuwa watu wa semina.

Lakini mwanangu, wewe umetoka wapi? Moshi. Baba yako alikufa na nini? Kansa ya koo la chakula. Huo ukanda wa kutoka Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini ni mojawapo ya sehemu za dunia zenye hiyo kansa kwa wingi, na Kilimanjaro imo. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limefanya utafiti wake wa hiyo kansa Eldoret, Moshi na Blantyre. Wameuliza pombe, sigara, meno, chai ya moto, moshi wa jikoni. Na wagonjwa wakikatwa kinyama cha kupima, kile kinyama kinawekwa kwenye bloku ya nta, kinakaa kabatini, hakitaki umeme, hakitaki gesi, mjukuu wako anaweza kukikuta. Antibodi ya E-kadherini ni kitu cha kawaida kwa wapatholojia, madaktari wanaosoma vinyama kwenye hadubini, wanaitumia kila siku kutofautisha ile kansa ya titi ya lobula na nyingine za titi. Unakata slesi, unapaka antibodi, unaangalia kwenye hadubini, gundi ipo au haipo, ipo pembeni au katikati ya uvimbe, na kwenye tezi zilikosambaa je? Si ndo swali lako la panya hilo, safari hii kwa watu, tena watu wa kijijini kwenu. Zile seli zako za panya zigandishe kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, mwombe bosi ruhusa ya maandishi kwamba unaweza kuzifuata siku ukizihitaji. Hazifi hizo, zinalala.

Mi ningekuwa wewe ningerudi, ila sio Januari hii. Ule mwaka mmoja uchukue, na leo hii, usisubiri mwisho wa mwezi, waandikie chuo uwaombe kuanza baada ya mwaka. Waeleze utaleta nini, wataje kozi mbili unazoweza kufundisha vizuri badala ya nne, na uulize mtakubaliana vipi na hospitali yenye bloku. Wakikataa kabisa kusubiri utakuwa umejua ni watu wa aina gani kabla hujafunga mizigo. Huo mwaka maliza pepa ya integrini, nenda ukakae wiki kadhaa na mpatholojia hukohuko Ujerumani ujifunze kusoma slaidi, maana wewe ni mtu wa sahani na panya, nyama ya mtu ni somo jingine, usiende na kiburi. Vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa nyumbani, anza kuvifuatilia sasa, na kama kuna kipande kitatoka nje ya nchi kuna mkataba wake wa kuhamisha sampuli, hilo peke yake linaweza kula miezi.

Hela. Kuna OWSD pale Trieste, Italia, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, wamekuwa wakitoa ruzuku ya walio mwanzo wa kazi mpaka dola 50,000, uliza kama bado ipo, lakini lazima uwe umeajiriwa nyumbani, kwa hiyo ile barua ya chuo ni mtaji. Soma masharti ya muda toka umalize PhD usije ukachelewa. TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, wako mji huohuo na wao wana ruzuku zao. Na kama PhD yako ililipiwa na DAAD, lile shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, waulize kama bado wana msaada wa vifaa kwa wahitimu waliorudi kwao, unaweza kupata hadubini nzuri ambayo kwa kazi hii inashinda inkubeta tatu.

Halafu hiyo sheria ya miaka 6 umeisoma nusu. Una mtoto unayemlea huko, na sheria yao inaongeza miaka 2 kwa kila mtoto. Haimlazimishi mtu kukuajiri, inafungua tu mlango usiwe umefungwa kisheria. Nenda ofisi ya utumishi uwaulize, usimsikilize mtu wa korido kwa hili pia. Sikwambii ili ubaki, nakwambia ili usirudi ukikimbizwa.

Mume nimemwacha makusudi, umemwandika mstari mmoja na mimi namjibu mstari mmoja: mpigie umsomee mpango huu wote wenye tarehe, amechoka na "tutaona". Mtoto Kiswahili atakipata ndani ya miezi mitatu akicheza na binamu zake, hilo halina mjadala. Na wanaokimbilia makampuni usiwaseme vibaya, wengine nimefanya nao kazi wana akili na wanalala saa nne usiku, ikikushinda nenda.

Amebaki mama. Huyu umekosea kumwona ni mzigo, ni mtu pekee anayekuuliza kazi yako kila wiki, hata bosi wako haulizi kila wiki. Jumapili hii akipiga usimwambie "bado mama". Mwambie ile iliyomuua baba inasomwa pale Moshi penyewe, mwambie wewe unaangalia kamba zinazofunga seli na ulikuta kitu ambacho wazungu walibisha kumbe ni kweli, ataenda kulisema jumuiya nzima na ataliharibu kidogo, muache. Halafu mpe kitu cha kushika. Watafiti walipima chai watu wanavyokunywa huko Kilimanjaro wakakuta mtu anaanza kunywa ikiwa zaidi ya nyuzi 70, na IARC 2016 imesema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha hiyo kansa ya koo. Kwa hiyo mwambie dawa sijapata mama, ila ile chai ya maziwa mnayomimina ikitoka jikoni, kikombe kikae kwanza mezani, usiwape watoto ikiwa bado inafuka. Atakuuliza dakika ngapi. Mwambie achukue kipimajoto akuletee namba Jumapili inayofuata.

Ukishatuma hizo imeili mbili, ya chuo na ya bosi wa zamani, niandikie wamejibuje.

Anti